Vipimo Visivyosahihishwa

Jumanne, 3 Machi

Mdogo wangu Kidole,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti lako limeacha ugomvi. Mimi sijambo. Cherehani ipo, macho yapo kiasi, na dirisha la chumba cha kazi bado halifungi vizuri, kwa hiyo nashona nimevaa sweta juu ya aproni. Wapita njia hudhani ni mtindo mpya.

Mwezi huu ndio mwezi wa vipimo vyako. Miaka thelathini na minane tangu niondoke kwetu, hatujaruka hata mmoja: wewe unaleta vipimo kwa barua, mimi naleta gauni kwa posta. Mwaka jana ulichelewa mpaka nikadhani umeniacha ukaenda kwa fundi mwingine. Usirudie. Nimeshapata kitambaa, cha rangi ya majani makavu, kizito kidogo, kinachoanguka vizuri.

Kuna jambo nataka kukuuliza, kwa kuwa wewe umekuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji maisha yako yote na mimi najua mkasi wa nguo tu. Nina mteja. Ni mwanamke wa rika langu, sitamtaja. Amekutwa na uvimbe kwenye titi la kulia, wakachukua kinyama wakakipima, na ni saratani. Tarehe 7 Aprili titi lote linaondolewa. Hilo amelielewa, au anasema amelielewa. Asilolielewa ni karatasi aliyopewa aende nayo nyumbani, inayomtaka achague kama atajengewa titi jingine, kwa njia ipi, na lini. Anatakiwa airudishe kabla mwezi huu haujaisha. Ameisoma mara nyingi mpaka mikunjo yake imeanza kuchanika.

Daktari wa pili, yule wa kurekebisha maumbile, alimsimamisha mbele ya dirisha akamchora mistari kifuani na tumboni kwa kalamu ya zambarau. Mistari ile naijua. Ndiyo ninayoichora kwa chaki kabla ya kukata. Tofauti ni kwamba kitambaa hakikutazami machoni.

Mweleze, kupitia kwangu, kwa lugha ya mtu aliyeketi naye. Anaogopa, ingawa anajifanya anauliza kwa udadisi.

Dadako


Jumatano, 11 Machi

Dada,

Goti halijaacha ugomvi, ila tumezoeana. Barua yako imefika jana ikiwa na alama ya kidole gumba chenye mafuta ya cherehani, nikajua hukunawa.

Nitamweleza mteja wako kama nilivyokuwa nikiwaeleza wagonjwa wangu, wakiwa wamekaa ukingoni mwa kitanda wameshika mikoba kana kwamba basi linaondoka.

Kwanza, mwambie hakuna anayelazimishwa kujengewa titi, na hakuna anayelazimishwa kuamua yote leo. Linaweza kujengwa siku ile ile ya kuondoa, kabla hajaamka, au baada ya mwaka, au baada ya miaka. Hili wengi hawalisikii kwa sababu wanakuwa bado wamekwama kwenye neno lile la mwanzo.

Ipo njia ya mfuko wa silikoni. Mara nyingi huanza na mfuko mtupu unaowekwa chini ya ngozi na kujazwa maji ya chumvi kwa sindano, kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, mpaka ngozi itanuke. Kisha anarudi mezani mara ya pili kuwekewa mfuko wenyewe. Upasuaji wake ni mfupi na anarudi nyumbani mapema. Lakini mfuko haudumu maisha yote. Baada ya miaka kumi au zaidi huenda ukahitaji kubadilishwa. Na mwili wa mtu mwingine hauupendi. Huujengea gamba, titi likawa gumu kama chungwa bichi, likauma.

Ipo njia ya nyama ya mtu mwenyewe. Wanachukua ngozi na mafuta ya chini ya kitovu, wanayahamishia kifuani pamoja na mishipa yake ya damu, wanaiunga chini ya hadubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Wewe ungependa kuuona uzi ule. Lakini ni muda wa saa sita, nane, hata kumi mezani, na siku za kwanza muuguzi anakuja karibu kila saa kugusa kama pana joto. Kwa wachache kati ya mia, mishipa huziba na wanarudishwa mezani. Anabaki na kovu kutoka nyonga hadi nyonga, na wiki sita au zaidi hanyanyui ndoo. Wengine huchukuliwa nyama ya mgongoni, hasa wasio na tumbo. Uzuri wake ni kwamba ni nyama yake. Akinenepa inanenepa naye.

Na ipo njia ya kushonwa bapa na kubaki hivyo. Akitaka, anavaa titi la bandia ndani ya sidiria. Hutajwa mwisho kana kwamba ni adhabu. Si adhabu. Nimewaona waliotoka nayo wakitembea vizuri kuliko waliokuja kupima presha tu.

Vyovyote atakavyochagua, ataamka na mrija ubavuni unaomwaga majimaji kwenye kichupa. Atafundishwa kuyapima kila siku, na yakipungua unatolewa. Mkono wa upande ule utakuwa mzito. Na mwambie hili, kwa sababu madaktari husahau kulisema: titi linalojengwa ni umbo tu. Chuchu itatengenezwa baadaye kwa kukunja ngozi, au itachorwa kwa wino. Halitahisi kama la kwanza. Akimwagikiwa chai ya moto pale, atajua kwa kuona mvuke.

Sasa maswali, na anijibu kweli. Anavuta sigara? Ana sukari? Presha? Wamemwambia kama mionzi itafuata baada ya upasuaji? Hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Mionzi hukausha ngozi na kuibana, na wanaowekewa mfuko kisha wakapigwa mionzi ndio hupata shida zaidi.

Vipimo nitaleta barua ijayo. Sijanenepa, usinikazanie.

Mdogo wako, Kidole


Jumanne, 17 Machi

Mdogo wangu,

Nimemsomea mteja. Aliniomba nirudie sehemu ya mishipa, kisha akaniomba nisirudie tena. Havuti sigara. Sukari hana. Presha anayo, na tangu Februari inapanda kila anapoona mlango mweupe. Mionzi huenda ikafuata. Wanasema watajua baada ya kupima vitezi vya kwapani.

Uliposema saa nane mezani, aliuliza kwa saa zote hizo nane mtu anakuwa wapi. Anaogopa nusukaputi kuliko kisu. Anasema watamwambia ahesabu kurudi nyuma kutoka kumi, na yeye ana hakika hatafika saba, na baada ya hapo hakuna mtu wa kumwambia amefika wapi.

Nilitaka kumsaidia kwa ninachokijua, basi nimefanya upuuzi. Nimefumua ile sanamu yangu ya kushonea upande wa kulia, nikatoa pamba yote, nikaivika gauni nione litakaaje. Kitambaa kiliingia ndani kana kwamba kuna mtu anakivuta kutoka upande wa pili. Nimejaribu kupunguza mshono, nimejaribu bitana, nimejaribu kuweka mfuko wa mtama. Umekaa nusu saa ukateremka tumboni. Wateja wanaoingia wanaitazama ile sanamu kisha wananitazama mimi, na mmoja ameniuliza kama ni panya. Nikamwambia ndiyo, ni panya.

Amekata shauri asiende. Anasema afadhali abaki na siku zake zikiwa nzima kuliko kuziongeza zikiwa vipande. Nimembishia, sijamshinda. Anakumbuka mama miezi ile ya mwisho, alivyojifunga shuka kifuani mara mbili, mara tatu, na sisi tukiambiwa ni kikohozi, na chumba kilivyonuka mpaka mlango ukawa haufunguliwi wageni wakiwapo. Anasema mwisho wake ni ule ule, tofauti ni mashuka.

Ameandika barua kwa hospitali kusema wamtoe kwenye orodha, ili nafasi yake apewe mwingine. Ni barua ya adabu, ya mistari sita. Amenipa mimi niitie posta. Iko hapa chini ya pasi.

Vipimo vyako bado. Kitambaa kinanisubiri.

Dadako


Jumapili, 22 Machi

Dada,

Mteja wako anamkumbuka mama yetu?

Nilijua tangu barua ya kwanza, kwa sababu katika miaka yote hii hujawahi kuniuliza jambo la mteja bila kwanza kumsengenya. Huyu hukumsema hata viatu. Nikakuacha ujifiche nyuma yake kwa kuwa niliona ndiyo njia pekee ya wewe kuuliza. Sasa mtoe huyo mwanamke chumbani, tubaki wawili.

Usiitie posta barua hiyo. Kama umeshaitia, nenda hospitali kwa miguu yako uwaambie umeandika ukiwa na homa. Mama hakufa kwa sababu alikatwa. Mama alikufa kwa sababu alijifunga shuka. Nimewahudumia waliokuja mapema na waliokuja wamejifunga, na nakuambia kama muuguzi: mwisho wao haulingani. Uvimbe wako wameukuta mdogo, ndiyo maana wamekupa karatasi ya kuchagua. Mama hakupewa karatasi.

Sasa la kwangu, na nakuomba ukae kwenye kiti cha kazi, siyo kwenye kile kibovu.

Miaka kumi na moja iliyopita niliondolewa titi la kushoto. Nilijengewa siku ile ile kwa mfuko wa silikoni, maana nilikuwa najua kila kitu na sikumsikiliza mtu. Daktari alinishauri nisubiri kwa sababu ya mionzi. Nikamwambia nimefanya kazi humu kabla yake. Mionzi ikaja, ngozi ikabana, mfuko ukawa mgumu na kupanda karibu na mfupa wa bega. Nilikaa nao miaka miwili nikilala chali kama maiti. Kisha ukatolewa, nikashonwa bapa. Tangu siku hiyo nalala ubavu, na nalala vizuri. Ile chai ya moto ilikuwa yangu. Nilikuwa jikoni, nikaona mvuke unatoka kwenye blauzi.

Sikukuambia. Wakati ule karatasi zako za kuishi huko zilikuwa hazijakamilika, na nilijua ungeziacha ukapanda gari lolote kuja, wakakukamata mpakani. Baadaye karatasi zilipotoka, nilikuwa nimeshazoea kutosema. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, sina kisingizio kizuri zaidi.

Lakini mara moja nilikuambia, kwa njia yako. Fungua daftari la vipimo, mwaka ule wa kwanza baada ya mfuko kutolewa. Nilikuandikia kutoka begani hadi kiunoni kupitia kifuani, upande wa kulia na upande wa kushoto, kila mmoja peke yake. Nilipima mara tatu mbele ya kioo. Nilifikiri ukiona tarakimu zile utajua, na hatutalazimika kutumia maneno. Likaja gauni la bluu, zuri, limelingana pande zote mbili.

Nenda tarehe saba, Dada. Chagua lolote au usichague. Lakini nenda.

Kidole


Ijumaa, 27 Machi

Kidole,

Nimefungua daftari.

Lipo. Mwandiko wangu: begani hadi kiunoni kupitia kifuani, kulia 45, kushoto 40. Na pembeni kwa penseli nyekundu, mwandiko wangu pia: Kakosea, amejikunja. Tumia 45.

Nakumbuka siku ile. Nilicheka. Nilisema peke yangu kwa sauti, muuguzi mzima hajui kusimama wima. Fundi hufundishwa siku ya kwanza kwamba mteja akijipima mwenyewe hukosea, na kwamba mwili una pande mbili zinazofanana. Ukikuta tofauti ya sentimita tano, umekuta kosa. Nikalisahihisha. Na mwaka uliofuata ulipoleta tarakimu moja tu, 45, nikajisifu kwamba umejifunza. Nimekushonea magauni tisa yenye titi usilokuwa nalo. Ulikuwa unayavaa vipi? Ulikuwa unaweka nini?

Nimekaa na hasira siku nzima na sijui niipeleke upande gani. Wewe ni muuguzi. Mama, kisha wewe. Ulijua maana yake kwangu kuliko mtu yeyote, na kila mwaka uliniuliza habari za macho yangu na dirisha langu. Ungeniambia, ningekwenda kupimwa miaka kumi na moja mfululizo. Nisingeligundua hili bafuni kwa bahati, sabuni ikiwa imenichenga mkononi. Sitakuambia haidhuru. Inadhuru.

Kisha natazama penseli nyekundu, na hasira inakosa mahali pa kukaa.

Naogopa, Kidole. Nimekuwa nikisema mteja anaogopa, na ilikuwa rahisi kidogo. Nimeogopa mambo mengi njiani nilipotoka kwetu, lakini yale yote yalikuwa nje yangu, yalikuwa watu na barabara, na mtu aliweza kukimbia. Hili nalibeba kwenda nalo sokoni. Nikiinama kwenye cherehani nalihisi liko kati yangu na kitambaa. Naogopa kuamka na kutojua nilipoishia. Naogopa kutoamka. Naogopa daktari yule mwenye kalamu ya zambarau, kijana mwenye adabu, kwa sababu ana mkono mzuri na mimi najua hata mkono mzuri hukata vibaya siku moja.

Barua ya mistari sita bado iko chini ya pasi. Karatasi ya kuchagua iko juu yake. Sijatia posta yoyote. Sitaki kukuahidi kwamba nitakwenda halafu nisiende.

Dadako


Jumatano, 1 Aprili

Dada,

Barua hii nimeiandika mara mbili. Moja nimeipeleka nyumbani kwako, moja wodini, kwa jina lako na tarehe yako ya kulazwa. Ile ya nyumbani ina matusi. Kama unaisoma hii, basi umekwenda, na matusi yale yatakungoja mezani. Utayasoma ukirudi, ucheke ukishika mshono.

Hasira yako ni ya haki na nimeipokea. Sitaomba msamaha kwa haraka ili nijisikie nafuu.

Umeuliza nilikuwa naweka nini. Soksi. Soksi za sufu za marehemu mume wangu, mbili, nilizozikunja mviringo na kuzibana kwa pini kwenye bitana. Kwenye harusi ya binti wa jirani nilicheza, soksi ikapanda taratibu mpaka hapa chini ya shingo. Mama wa bwana harusi akaniuliza kama nimevimba tezi. Nikasema ndiyo, nanywa dawa. Tangu siku hiyo gauni lako nalivaa kukaa, silivai kucheza. Na usisikitike kuhusu magauni. Nilipoyavaa nilikuwa mtu ambaye wewe bado unamjua. Kuna siku nilihitaji hivyo.

Sasa nisikilize, maana kesho ndiyo siku yako. Watakuamsha mapema, hutakula wala kunywa. Utavaa gauni lao la kufungia nyuma, limeshonwa vibaya sana, litakuudhi, na kuudhika kutakusaidia. Daktari atakuchora tena. Mwambie asimame mbele yako, siyo ubavuni, umuone uso. Utasukumwa kwenye kitanda ukitazama taa za dari zikipita. Mle ndani ni baridi; omba blanketi, wanayo ya moto, hawaitoi mpaka uombe. Atakuja wa nusukaputi akwambie uhesabu. Usihesabu. Taja vitambaa. Anza na kile ulichokatia gauni langu la kwanza.

Uliuliza saa zile mtu anakuwa wapi. Nimekaa upande wa pili wa nusukaputi kwa miaka mingi kuliko wengi, na nitakuambia nilichokiona: anakuwa pale pale, mezani, na kuna mtu mmoja kazi yake yote ni kutazama anavyopumua. Hatoki hata kwenda msalani. Nimekuwa mtu huyo, miaka niliyofanya zamu kwenye chumba cha upasuaji. Sikuwahi kumwacha hata mmoja aende peke yake bila kumtazama.

Kuhusu karatasi, waambie kama hujui. Neno "bado" wanaliandika pia.

Na ukitoka, niletee vipimo vyako. Pande zote mbili. Safari hii nitakushonea mimi. Unajua siwezi kushona hata kifungo, kwa hiyo jiandae kuvaa gunia.

Kidole


Alhamisi, 9 Aprili, wodini

Kidole,

Naandika karatasi ikiwa juu ya mto, mkono hautaki. Mistari michache.

Nilikwenda. Jumatatu mchana nilifika mpaka kituo cha basi nikarudi nyumbani, nikasimama mbele ya sanamu ile iliyofumuliwa, kisha nikaondoka tena kwa miguu, kwa kuwa basi linakupa nafasi ya kukaa na kufikiri. Muuguzi alinipa barua yako nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, nimeshika mkoba. Nilicheka, akadhani ni woga. Alikuwa sahihi pia.

Kijana wa kalamu ya zambarau alikuja na karatasi nyingine ya kuchagua, tupu. Nilimwambia asimame mbele yangu. Nikamuuliza kama mionzi itafuata, akasema sasa karibu ana hakika. Nikamwambia: ukiletewa kitambaa unachojua kitasinyaa kwenye maji, hukikati kwanza ukakifua baadaye. Unakifua, unakianika, unangoja kimalize kusinyaa, ndipo unapochukua mkasi. Alinitazama, akasema hajawahi kulisikia likielezwa hivyo lakini ndiyo, ndivyo anavyoshauri. Basi nimeshonwa bapa kwa sasa. Mionzi ikimaliza kazi yake, mwakani, tutazungumza habari ya tumbo. Au hatutazungumza. Ameandika "bado" na mimi nikatia sahihi.

Walipofika kwenye kuhesabu nikataja vitambaa. Kile chako cha kwanza kilikuwa cha maua ya njano. Cha pili sikukifikia.

Kuna mrija. Kichupa nimekificha ndani ya kimfuko nilichokitengeneza kwa foronya ya hospitali. Wenzangu wawili wa wodi wameniomba niwashonee. Nikiangalia dari siumii. Wanapobadilisha bandeji natazama dari.

Dadako


Jumamosi, 2 Mei

Mdogo wangu Kidole,

Matusi yako nimeyasoma. Lile la ukurasa wa pili ulilichukua kwa mama, na sikujua kama unalikumbuka. Nililisoma nimeshika mshono, kama ulivyoagiza.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Nimekishona kidogo kidogo, robo saa asubuhi na robo saa jioni, mkono wa kulia ukifanya kazi ya mtoto na wa kushoto ukifanya ya mama yake. Nilihitaji karatasi ya kuchorea kola. Nikaikuta barua ya mistari sita chini ya pasi, ukubwa wake ukatosha. Kola yako imekatwa kwayo.

Gauni ni la rangi ya majani makavu. Kulia 45, kushoto 40. Nimekata kama ulivyoandika miaka ile. Mshono wa kushoto unashuka moja kwa moja, hauna mkunjo, hauna bitana ya ziada, hauna pa kuweka soksi. Nimeivika sanamu gauni hilo baada ya kuifumua upande wa kushoto na kurudishia pamba upande wa kulia. Limekaa. Ukilivaa, cheza.

Penseli nyekundu nimeitupa. Kisha nimeiokota, kwa sababu ni nzuri, lakini nimeiweka droo nyingine.

Mionzi inaanza Jumatatu. Siku kumi na tano, nalala chini ya mashine peke yangu chumbani, wao wakiwa nyuma ya kioo. Wanasema haiumi. Presha haiwaamini. Naogopa kwa namna nyingine sasa, ya kimya zaidi, kama mtu anayesikiliza kama kuna kitu kimedondoka chumba cha pili. Daktari anasema vitezi viwili kati ya vyote vilikuwa na kitu. Nilimuuliza viwili ni vingi au vichache. Akasema ni viwili. Nimempenda kwa hilo.

Uliomba vipimo vyangu, pande zote mbili. Kushoto ni 43. Nimejipima leo asubuhi, nikiwa nimesimama wima.

Kulia sijapima. Bandeji zilitoka wiki iliyopita na naoga nikiwa nimegeuzia kioo mgongo. Nguo navaa ndani ya nguo. Nimewapima wanawake wa mji huu tangu nifike, wajawazito, wajane, waliokonda, waliokuja kupimiwa nguo za kuzikia wenzao, sikumwogopa hata mmoja. Tepe ninayo hapa shingoni. Nimeinyoosha mara tatu, nikaifunga tena. Naweza kukuandikia namba yoyote na wewe ungeshona gunia lako bila kujua. Lakini tumeshafanya hivyo mara moja.

Kwa hiyo nimekuachia mstari. Karatasi zangu zipo, chumba kipo, kile kiti kibovu nimekitengeneza. Njoo unipime wewe.

Kushoto: 43
Kulia:

Dadako